Kabla ya Kuinjika Sufuria, Pima Mkojo

Mjomba wangu aliumwa na kifutu akisafisha shamba la mikorosho mkoani Lindi, saa ile ya magharibi ambapo majani makavu huwa na rangi ileile ya mgongo wa nyoka. Alipigwa juu kidogo ya kifundo cha mguu. Vijana waliokuwa naye walimfunga kamba ya katani chini ya goti, mzee mmoja akamchanja kwa wembe na kumpaka dawa, na usiku kucha akanyweshwa maji ya mizizi. Siku ya pili mguu ulikuwa umevimba hadi pajani. Siku ya tatu alikojoa mkojo mweusi kama kahawa, wa vijiko vichache tu, na baada ya hapo hakukojoa tena. Tulipompokea Dar es Salaam uso ulikuwa umejaa maji, hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Madaktari wakatuambia figo zimesimama.

Wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuoni nikisomea lishe, na kwa kuwa katika ukoo hakuna mwingine aliyewahi kufungua kitabu cha mambo hayo, nikakabidhiwa jiko. "Mwanangu, wewe ndiwe unayejua," mkazamjomba aliniambia. Nilijua nusu. Nusu niliyokuwa siijui ilikaribia kumwangusha mjomba mara ya pili, na nitaieleza mbele. Tangu hapo nimekaa na wagonjwa wengi wa figo, na ninapoitwa kwa mtu aliyeumwa na nyoka, jambo la kwanza ninalowauliza ndugu zake ni hili: jana alikojoa kiasi gani? Chakula tunakizungumza baada ya jibu. Makala haya ni kwa ajili ya hao ndugu, wanaokaa pembeni ya kitanda na hotpoti mkononi.

Tuanze na sumu yenyewe, maana asiyejua kilichoharibika hawezi kujua cha kupika. Sumu ya kifutu (pwani wengine humwita moma, wengine bafe) huanza kazi pale ilipoingia. Nyama huvimba, mishipa midogo huvuja, na maji ya damu huhamia kwenye mguu. Presha hushuka. Figo, ambazo mtu akiwa mzima huchuja takribani lita 180 za maji ya damu kila siku, hukosa damu ya kuchuja. Kisha misuli iliyooza humwaga protini yake ya rangi, na chembe nyekundu za damu zikipasuka humwaga yake, na zote mbili huenda kukwama kwenye vijifereji vya figo. Ile rangi ya kahawa kwenye mkojo ndiyo hiyo.

Wapo nyoka wengine wanaofika figoni kwa njia ya damu. Kaskazini mwa Kenya, katika nchi kame, kuna nyoka mfupi wa jamii ya kifutu anayesugua magamba yake yakatoa mlio kama wa msasa. Kwenye miti ya sehemu nyingi za Afrika yupo nyoka mrefu mwembamba mwenye macho makubwa, ambaye Waafrika Kusini humwita boomslang. Sumu zao humaliza uwezo wa damu kuganda, huku vijidonge vya damu vikiziba mishipa midogo ndani ya figo. Mwaka 1957, mtaalamu wa nyoka Karl Schmidt aliumwa na mtoto wa boomslang katika jumba la makumbusho jijini Chicago. Aliandika dalili zake mwenyewe, ikiwemo damu kwenye mkojo usiku ule. Asubuhi alipata kifungua kinywa akijiona anapata nafuu, na kabla jioni haijafika akawa amefariki. Ndiyo maana nasema aliyeumwa na nyoka asihukumiwe kwa jinsi anavyojisikia, na asiruhusiwe kurudi nyumbani kwa sababu tu amekula vizuri.

Dawa ya kuua sumu ya nyoka hunasa sumu inayozunguka bado katika damu. Vijifereji vilivyokwisha kufa haivifufui, na kila saa inayopotea kwa kamba, wembe na mizizi ni saa ya figo. Zaidi ya hapo, kila dawa ina nyoka wake: ile ya mchanganyiko inayotengenezwa Afrika Kusini humhusu kifutu, lakini boomslang ana dawa yake ya peke yake. Kama mmemwona nyoka, kumbukeni umbo na rangi, au mpigeni picha kwa mbali. Msimfuate kumuua, maana anaweza kuuma mtu wa pili.

Na sasa habari njema, ambayo watu wengi hawaambiwi. Figo iliyosimama kwa sumu si sawa na figo iliyochakaa kwa kisukari cha miaka 20. Mara nyingi kilichokufa ni ngozi ya ndani ya vijifereji, na ngozi hiyo huota upya. Wengi hurudi kukojoa ndani ya wiki chache, wakaachana na mashine ya kusafisha damu. Wapo ambao ganda la nje la figo limekufa, na baadhi ya hao hubaki na upungufu wa kudumu. Lakini mara nyingi mgonjwa anavuka mto, na kazi ya chakula ni kumfikisha ng'ambo akiwa na nguvu. Kwa sababu hiyo ile karatasi ya "vyakula vya mgonjwa wa figo" iliyobandikwa ukutani, au uliyotumiwa kwenye simu, haikutoshi. Imeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye figo zake ziko vilevile leo na mwezi ujao. Za mgonjwa wako hubadilika ndani ya siku chache, na chakula lazima kibadilike nazo.

Hatua ya kwanza naiita kiangazi. Mkojo haufiki mililita 400 kwa siku, yaani haujazi hata chupa ya nusu lita, au haupo kabisa. Hali hiyo huchukua siku chache hadi wiki mbili tatu, na wengi husafishwa damu kwa mashine, mara nyingi mara tatu kwa wiki. Katika kipindi hiki jiko linaweza kuua.

Nakumbuka meza ya pembeni ya mjomba juma la kwanza. Palikuwa na madafu matatu yaliyoletwa na shemeji. Jirani yetu Mchaga alileta mtori wa moto. Binamu alileta chupa ya juisi ya rozela iliyochanganywa na bitiruti "ya kuongeza damu", na mtu mwingine aliacha kichane cha ndizi mbivu. Kila kimoja kililetwa kwa mapenzi, na kila kimoja kilikuwa kimejaa potasiamu. Muuguzi wa zamu alivitoa vyote nje, na baadhi ya ndugu wakanuna.

Potasiamu ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Ni aina ya madini yaliyomo karibu katika kila kinachoota ardhini. Figo nzima huitoa bila mtu kujua. Figo iliyosimama huilimbikiza, na ikizidi moyo huanza kupiga ovyo au husimama, mara nyingine bila dalili yoyote ya kukuonya. Aliyeumwa na nyoka yuko hatarini zaidi ya wagonjwa wengine wa figo kwa sababu misuli inayooza nayo inamwaga potasiamu yake ndani ya damu. Hebu fikiri: glasi moja ya maji ya dafu ina takribani miligramu 600, na ndizi mbivu moja ya wastani ina zaidi ya 400. Mgonjwa wa kiangazi mara nyingi huwekewa mpaka wa kati ya miligramu 2,000 na 3,000 kwa siku nzima, na hapo wali, mboga na kitoweo havijahesabiwa. Madafu mawili na ndizi mbili, na umekaribia mpaka kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo katika siku hizo weka kando madafu, ndizi, parachichi, machungwa na juisi zake, tende, ukwaju, nyanya za kopo, maharage, karanga na korosho. Weka kando supu iliyochemka muda mrefu, hata ikiwa nyepesi, kwa kuwa yote yaliyokuwa ndani ya nyama, viazi na ndizi yamehamia kwenye maji yake. Matunda yanayokubalika kwa kiasi ni kipande cha nanasi au tufaha. Mboga ni kabichi, tango, kitunguu, pilipili hoho. Mchuzi wa nazi upikwe kwa tui jepesi, na liwe kidogo.

Viazi, mihogo na ndizi za kupika vina njia yake. Menya, katakata vipande vidogo vyembamba, chemsha katika maji mengi, mwaga maji yote, ndipo uviunge. Potasiamu huyeyuka majini, na kwa njia hii viazi hupoteza karibu nusu yake. Kuviloweka tu usiku kucha bila kuvichemsha hakusaidii sana, na kuvikaanga moja kwa moja kunaibakiza ndani. Hata mchicha na kisamvu vitendee hivyo: chemsha, mwaga, kamua. Najua tumefundishwa tangu darasani tusimwage maji ya mboga kwa sababu yana virutubishi. Kwa familia nzima, msiyamwage. Kwa mgonjwa huyu, katika wiki hizi, yamwage.

Kuna mengine yanayogeuka namna hiyohiyo, na hayo ndiyo huwachanganya watu. Dona ni bora kuliko sembe kwa mtu mzima wa afya; kwa figo iliyosimama sembe nyeupe ni salama zaidi, maana pumba ndiyo yenye potasiamu na fosforasi, madini mengine ambayo figo iliyosimama huyalimbikiza. Wali mweupe, chapati na tambi ni marafiki zake. Ule "uji wa lishe" wa ulezi, soya na karanga, ambao kila mgonjwa nchini hupelekewa, usimpe sasa. Mpikie uji wa sembe au wa mchele, tia sukari, tia kijiko cha mafuta au siagi. Anahitaji nguvu, na nguvu za sukari na mafuta hazimwachii figo taka za kusafisha.

Neno kuhusu birimbi, kwa wasomaji wa Unguja, Pemba na Mombasa. Maji ya birimbi yana oksalati nyingi sana, na wapo watu waliokuwa wazima kabisa ambao figo zao zilisimama kwa kunywa juisi yake nzito. Ndugu yake, lile tunda ambalo ukilikata linatoka umbo la nyota, lina sumu ya ubongo ambayo figo mbovu haiwezi kuitoa. Huanza na kwikwi, kisha kuchanganyikiwa, kisha degedege. Achari ya birimbi isikaribie kitanda chake, wala lile tunda la nyota, hata kipande kimoja.

Turudi kwenye maji. Kanuni ya wodini ni nyepesi. Chukua mkojo wote wa saa 24 zilizopita, ongeza mililita 500 kufidia jasho na pumzi, na hicho ndicho kipimo cha leo. Aliyekojoa mililita 300 jana anapata 800 leo. Akiwa na homa, akiharisha, au joto likizidi, daktari ataongeza. Kinachosahaulika ni kwamba uji ni maji, chai ni maji, mchuzi na barafu na tikitimaji ni maji. Mkazamjomba alibuni njia ambayo mpaka leo nawafundisha wengine. Asubuhi alijaza kipimo cha siku nzima kwenye chupa na kuiweka dirishani. Mjomba akinywa kikombe cha chai, alimwaga kiasi hichohicho kutoka kwenye chupa. Chupa ikikauka, siku imekwisha. Ugomvi ulipungua sana, maana mgonjwa alikuwa anaona mwenyewe.

Kiu itamtesa, usimdharau. Mpe maji kwa vikombe vidogo vya kahawa, si kwa glasi. Asukutue maji ya baridi na kuyatema. Kamulia ndimu kidogo kwenye ulimi. Na zaidi ya yote punguza chumvi, kwa sababu ndiyo inayoita kiu. Isizidi kijiko kimoja kidogo kwa siku pamoja na iliyokwisha kuingia kwenye mkate. Ng'onda, papa mkavu, dagaa wa chumvi, vidonge vya kukolezea mchuzi, magadi ya kulainishia maharage, vyote vihesabu kuwa ni chumvi. Ile "chumvi ya wenye presha" inayouzwa madukani ni hatari zaidi, kwani mara nyingi ndani yake wameweka potasiamu. Pika kwa tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili manga, iliki. Mgonjwa akila na kusema chakula kimepooza, ongeza ndimu.

Mpime uzito kila asubuhi, baada ya haja, kwa nguo zilezile. Kilo moja iliyoongezeka tangu jana ni lita moja ya maji iliyobaki mwilini. Katika wiki hizi hakuna anayenenepa.

Sasa nitasema jambo ambalo huleta ubishi katika kila familia. Msimnyime nyama. Imeenea mno imani kwamba protini "inachosha figo", na kwa sababu hiyo mtu aliyeumwa na nyoka hulishwa uji na chai kavu wiki tatu. Huyu ni mtu ambaye mwili unajitafuna wenyewe. Ana jeraha linaloota nyama mpya, huenda amekatwa ngozi iliyokufa, mguu wake unavuja maji yenye protini, na mashine nayo inaondoka na sehemu. Ukimnyima kitoweo, mwili utachukua misuli yake, na misuli ikivunjika hutoa taka zilezile ulizokuwa unazikimbia, pamoja na potasiamu. Miongozo ya madaktari wa figo iko wazi: usipunguze protini kwa nia ya kuikwepa mashine. Asiyesafishwa damu na asiye na jeraha kubwa anahitaji gramu 0.8 hadi 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Anayesafishwa anahitaji gramu 1 hadi 1.5. Kwa mtu wa kilo 60 aliye kwenye mashine ni gramu 60 hadi 90.

Kwa lugha ya jikoni: yai moja lina gramu 6. Kipande cha samaki au kuku kilichopikwa, ukubwa wa kiganja bila vidole, kina takribani 20. Mayai mawili asubuhi, samaki mchana, kuku usiku, na kile kidogo kinachotoka kwenye wali na chapati, tayari umevuka 60. Samaki awe mbichi, asiwe wa chumvi. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa mengi na soda nyeusi vina fosforasi nyingi, kwa hiyo viwe kidogo. Ute wa yai ni hazina: protini tupu, fosforasi kama hakuna. Taka zikijaa kwenye damu mdomo huwa na ladha ya chuma na harufu ya nyama hutia kichefuchefu; mpe chakula kilichopoa, mara tano sita kwa siku, kidogokidogo, na samaki badala ya nyama nyekundu. Asipokula siku mbili, mwambie daktari. Mrija wa kulishia puani si aibu.

Kisha mvua hunyesha. Mjomba alikojoa nusu lita siku moja, lita moja siku iliyofuata, halafu mbili, na mwisho zikafika karibu nne. Nyumbani watu walipiga vigelegele. Aliruhusiwa kutoka akiwa na karatasi ya kurudi kupimwa baada ya siku chache, na mimi, mwanafunzi hodari, nikaendelea na chupa ileile ya dirishani. Nilikuwa nimemeza somo la kiangazi: figo mbovu, maji kidogo, chumvi hakuna, potasiamu hakuna. Sikuelewa kwamba msimu umebadilika. Usiku wa pili alianguka chooni. Macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiibana inabaki imesimama. Alirudishwa wodini akawekewa dripu, na kreatinini yake, ile taka ya damu inayopimwa kujua kazi ya figo, ambayo ilikuwa imeanza kushuka, ilipanda tena. Nilimkausha mjomba wangu kwa mkono wangu mwenyewe. Sijawahi kuisahau sura ya mkazamjomba akinitazama bila kusema neno.

Hiyo ndiyo hatua ya masika. Vijifereji vimeanza kuota upya lakini bado ni vichanga: vinapitisha maji, havijui kuyarudisha, wala havijui kushika chumvi na potasiamu. Mtu anaweza kukojoa lita tatu, nne, hata tano kwa siku huku damu yake ikiwa bado imejaa taka. Kwa hiyo mkojo mwingi peke yake si uthibitisho wa kupona. Kreatinini huchelewa nyuma yake kwa siku kadhaa. Katika masika sheria nyingi za kiangazi hugeuka. Maji lazima yafuate mkojo, kwa kiwango atakachosema daktari. Kwa kawaida hafidii mkojo wote unaotoka, maana ukimimina kila anachokojoa utaendelea kulisha mvua hiyohiyo. Chumvi inarudi kwenye chakula. Maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, yale ya watoto wanaoharisha, yana kazi hapa. Na potasiamu ikipimwa ikaonekana imeshuka, lile dafu lililofukuzwa wodini huitwa tena kama dawa.

Ndiyo maana nasisitiza kopo la kupimia. Nunua jagi lenye alama za mililita, liwe la mkojo peke yake. Andika kwenye daftari: mkojo, maji, uzito, kila siku. Kizunguzungu anapoinuka, mdomo mkavu, misuli kukakamaa, uzito kushuka zaidi ya kilo moja kwa siku: rudi hospitali siku hiyohiyo. Na ukimpa bitiruti wakati huo utaona mkojo mwekundu na kushikwa na hofu bure, au utaona damu ya kweli ukadhani ni bitiruti. Bora iachwe mpaka afya itulie.

Upungufu wa damu utamfuata kwa wiki nyingi, kwa sababu amevuja, chembe zake zimepasuka, na figo ndizo zinazotuma agizo la kutengeneza damu mpya. Juisi ya tembele na rozela haiwezi kufanya kazi ya agizo hilo. Maini kidogo na nyama vitamsaidia, na vidonge vya madini ya chuma akiandikiwa. Wengine huhitaji sindano maalumu. Figo zikishatulia na potasiamu ikiwa sawa, maharage, matunda na dona hurudi mezani kimojakimoja, na hapo mtori wa jirani ukaribishwe kwa heshima zote.

Jeraha la mguu litauma, na mtu atamwendea mwenye duka la dawa kuomba diklofenaki au brufeni. Asipewe. Dawa hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na figo inayoota upya haiwezi kuzivumilia. Paracetamol kwa kipimo inatosha. Ikizidiwa, daktari anazo nyingine. Mizizi na magome ya "kusafisha figo" nayaweka kwenye kundi hilohilo. Nasema hivi nikiwaheshimu wazee wetu, ambao wanajua mengi. Lakini kipimo cha chungu hakijulikani, na figo hizi hazina akiba ya kujaribia.

Kwa Waislamu: Ramadhani ikimkuta katika masika au miezi ya mwanzo ya kupona, asifunge. Saa 13 bila maji kwa mtu ambaye figo zake hazijui kushika maji ni kurudi chooni alikoanguka mjomba. Mgonjwa ana ruhusa, na siku hulipwa. Kwa mkulima: asirudi kupalilia juani mwezi wa kwanza. Akirudi, chupa ya maji iende shambani pamoja na jembe, na buti ndefu, na tochi wakati wa giza.

Baada ya miezi mitatu tangu figo zisimame, mrudishe hospitali hata kama anacheza ngoma. Omba vitu vitatu: kreatinini ya damu, kipimo cha protini kwenye mkojo, na presha. Baadhi ya waliopona kwa macho hubaki na presha ya kupanda au figo zisizofika ujazo wa zamani, na hawajui. Tulijifunza mengi ya haya kutoka India, Sri Lanka na Myanmar, ambako kuna nyoka anayeitwa kwa jina la Russell, ambaye huwauma wakulima wa mpunga na kusimamisha figo zao.

Kwenye kipimo hicho cha miezi mitatu, mjomba alikwenda na daftari la mkazamjomba, lile lenye mikojo, vikombe na kilo za siku 64, limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa kabla hajatazama karatasi ya maabara. Kreatinini ilikuwa imerudi. Presha ilikuwa juu kidogo, akapewa kidonge kimoja na tarehe ya kurudi. Yule mwanamke akachomoa kalamu, akaiandika tarehe hiyo chini ya mstari wa mwisho.